Nilipitia Kibaigwa Kwanza

Ndugu zangu wa gereji, tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza safari ilikwendaje, na mimi nawajibu kwa mkato: "Barabara ilikuwa mbaya." Mkanionea huruma, mkaninunulia chai, mkaacha kuuliza. Sasa huruma ile inanitia aibu. Leo Jumapili nimekaa niwaandikie mambo yote kama yalivyokuwa, ili msiendelee kunisaidia kuisingizia barabara.

Loisi mke wangu mnamjua. Mnajua pia kwamba aliondoka hapa Tunduma mimba ikiwa ya miezi saba, akaenda kujifungulia kwa mama yake, maana kwao ndivyo wanavyofanya kwa mtoto wa kwanza. Kijiji chao kiko mbele ya Haneti, ukiiacha lami ukaingia njia ya udongo. Kati ya kijiji na kituo cha afya kuna korongo. Kiangazi ni mchanga mtupu, mbuzi wanalala humo. Mvua ikinyesha vilimani, maji yanashuka ghafla na hakuna anayevuka mpaka yapungue yenyewe.

Akina mama wa kijiji kile walichoka kuwazika wenzao kwa sababu ya korongo hilo. Wakaunda kikundi. Walifyatua matofali kwa mikono yao, wakajenga nyumba ya vyumba viwili jirani na kituo cha afya, wakaiita nyumba ya kungojea. Mjamzito akikaribia siku zake huvushwa mapema kwa mkokoteni wa ng'ombe, analala pale, na wenzake wanapokezana kumpikia mpaka ajifungue. Anayewaongoza ni Perisi, mhudumu wa afya wa kijiji, mama wa watoto wanne, ambaye kazi yake ni kuzunguka nyumba kwa nyumba kwa miguu.

Walikuwa na sharti moja ambalo hawakulipenda wao wenyewe. Hawakuruhusiwa kumvusha mwanamke bila mumewe kukubali. Wakati fulani mwanamume mmoja aliwafokea mkutanoni kwamba wamemwibia mke, na wazee wa kijiji wakaamua hivyo ili yaishe. Ndiyo maana Jumatatu ile simu yangu iliita nikiwa chini ya lile lori la Fuso la kubebea mbao, mnalikumbuka.

"Shemeji, ni Perisi," akasema. "Muuguzi amempima Loisi. Mtoto ametanguliza matako. Tunataka kumvusha kesho, mvua haijakolea. Tunaomba ruhusa yako."

Nikamwambia, "Subirini. Nakuja mwenyewe, nitampeleka mimi."

"Utafika lini?"

"Siku mbili tu."

"Haya, shemeji. Tunakungoja."

Tunduma hadi Iringa

Nilipanda basi Jumanne alfajiri. Hadi Mbeya tulikwenda vizuri, nikalala usingizi wa kutosha. Tulipokaribia Makambako gari likaanza kunuka mpira unaoungua, na dereva akaegesha pembeni. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika. Hawakuwa na mwingine.

Mnanijua. Sikuweza kukaa kwenye kiti. Nilishuka, nikavua shati, nikaingia kwenye injini pamoja na utingo. Tulikaa pale zaidi ya saa tatu tukingoja mkanda uletwe kwa pikipiki kutoka mjini, na ulipofika ukawa mrefu, ukarudishwa. Abiria walikaa nyasini wakala mahindi ya kuchoma. Mkanda wa pili ulipokaa na injini ikaunguruma, wakanipigia makofi. Mama mmoja akanipa mahindi mawili. Dereva akanihamishia kiti cha mbele karibu naye, tukaenda tukizungumza habari za injini hadi Iringa, ambako ilibidi tulale kwa kuwa saa za mabasi kusafiri zilikuwa zimepita.

Nilimpigia Loisi kutoka gesti. Sauti yake ilikuwa nzito. Akaniambia miguu imevimba, viatu havimwingii.

"Elia, ungewaambia tu wanivushe," akasema. "Wewe ungenikuta kulekule."

Nikamwambia, "Usiwe na wasiwasi, mama. Nakuja na mambo mazuri."

Hakuniuliza mambo gani.

Iringa hadi Dodoma

Asubuhi tulishuka kuelekea Mtera. Ukilifikia bwawa, gari lazima lisimame. Hata dereva mwenye haraka hushuka kununua samaki. Nilinunua perege wa kukaanga, nikala pamoja na abiria mwenzangu, mama wa makamo aliyekuwa akienda Dodoma kumtazama bintiye. Alikuwa mcheshi. Alinichambulia miiba kana kwamba mimi ni mtoto wake.

Simu ikaita tukiwa tunakula. Perisi tena.

"Shemeji, ng'ombe wapo, mkokoteni upo, godoro tumeshatandika. Sema neno moja tu tumvushe leo. Mawingu siyapendi."

"Dada Perisi, si nimesema nakuja? Jioni hii niko Dodoma."

"Dodoma na huku ni mbali kwa mtu anayeumwa kiuno, shemeji."

"Nisubirini," nikasema, nikakata.

Yule mama alikuwa amesikia. Alifuta vidole kwa kipande cha gazeti, akaniambia polepole, "Mwanangu, waruhusu. Wanawake wakiomba hivyo, ujue wameona kitu."

"Mama, mke ni wangu," nikamjibu.

Alifunga samaki wake waliobaki, akatazama dirishani mpaka tulipofika. Tulipoagana stendi alinitakia safari njema, lakini hakunitazama usoni.

Tuliingia Dodoma saa tisa alasiri. Kulikuwa na wachuuzi wa zabibu, nikanunua mfuko mzima kwa ajili ya Loisi. Basi dogo la Haneti lilikuwa palepale mbele yangu, kondakta akipiga bodi kwa kiganja: "Haneti! Haneti! La mwisho hili!" Akanishika begi. Kulikuwa na viti viwili vitupu, nakumbuka hata kitambaa chake, cha bluu, kilichopasuka. Ningepanda, jua lingezama nikiwa nyumbani kwa mama mkwe.

Nikamwambia, "Sisafiri."

Sasa niwaambie kwa nini. Nilipokwenda kutoa mahari, nilifika kwao nimebebwa nyuma ya bodaboda, tope mpaka magotini. Mjomba wa Loisi aliniangalia akauliza mbele ya watu, "Huyu ndiye fundi wa magari? Na gari liko wapi?" Watu wakacheka. Loisi naye alicheka kidogo, akaziba mdomo. Ulikuwa utani wa ukweni tu, wao walishausahau siku ileile. Mimi niliubeba miaka mitatu. Nikawa nimejiapiza kwamba mtoto wangu akikaribia kuzaliwa, nitaingia kijijini kwa gari, nimpakie mke wangu mbele ya mjomba, niondoke naye hadi kituoni.

Kibaigwa kuna rafiki yangu Sudi, mtoto wa mjini Dodoma, ukoo wao ni wafanyabiashara tangu babu zao. Yeye ana pikapu ya kubebea mahindi. Nilikuwa nimeshazungumza naye. Basi nikageuza, nikapanda gari la kwenda Kibaigwa, mashariki, nikiiacha njia ya Haneti nyuma yangu. Nikiwa garini nikampigia Perisi.

"Kesho saa mbili asubuhi nipo hapo na gari. Mwandaeni."

Akafurahi. Akasema, "Afadhali, shemeji. Basi ng'ombe tutawaachia wakalime."

Kibaigwa

Sudi alinipokea vizuri mno. Mke wake alipika pilau, tukala, tukakumbushana mambo ya zamani. Aliponiuliza habari za Loisi nikamweleza, naye akaacha kutafuna.

"Ndugu yangu, pikapu yangu imejaa mahindi mpaka juu. Mnunuzi anakuja asubuhi, lakini hawa watu huwajui. Kama mwenzio anakungoja, panda basi alfajiri. Mimi nitakufuata."

"Tutashusha haraka tu," nikamwambia. "Nataka gari."

Sokoni Kibaigwa asubuhi ni vurugu: malori yamepangana, magunia, vumbi la pumba, madalali wanakimbizana. Saa mbili, saa niliyowaahidi, nilikuwa nimeketi juu ya magunia ya Sudi nikimngoja mnunuzi. Simu ikaita. Perisi.

"Shemeji, mmefika wapi?"

"Tuko njiani," nikasema.

Dalali akaja na mnunuzi saa nne. Wakabishana kuhusu mahindi kuwa na unyevu. Mnunuzi akaondoka, akatafutwa mwingine. Saa tano simu ikaita, nikaitazama mpaka ikanyamaza. Ningemwambia nini? Saa sita ikaita tena, na safari hii lilikuwa jina la Loisi. Nikaiweka kwenye kisanduku cha mbele cha pikapu, nikafunga, nikaenda kusaidia kushusha magunia ili tuondoke upesi. Nilishusha kama mwendawazimu. Sudi alidhani ni bidii.

Tulitoka Kibaigwa saa tisa. Nilipofungua kisanduku nilikuta simu tano ambazo hazikupokelewa, tatu za Perisi na mbili za Loisi. Nikajiambia kwamba maneno hayana maana tena, nikifika watasamehe yote wakiona gari.

Buigiri

Tulipofika Buigiri gurudumu la nyuma likapasuka, na la akiba lilikuwa halina upepo. Fundi pancha alikuwa ameenda msibani, tukaambiwa atarudi jioni. Tuliketi kwenye mgahawa, tukala ugali wa uwele na mlenda. Kutoka upande wa shule ya watoto wasioona ilisikika kwaya ikifanya mazoezi, sauti za watoto zikipanda na kurudia mstari mmoja mpaka ukakaa sawa. Nawaambia ukweli, nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimeshiba, gari lilikuwa langu kwa siku tatu, na nilikuwa nawazia sura ya yule mjomba.

Kaskazini mbingu zilikuwa nyeusi. Sudi akanyoosha mkono. "Kwa wakwe zako kunanyesha."

"Heri," nikasema. "Mahindi yao yatapona."

Tulilala palepale Buigiri.

Haneti na mbele yake

Ijumaa tuliondoka kungali na giza, tukapita Dodoma, tukashika lami ya Haneti. Asubuhi ilikuwa nzuri, mashamba yameoshwa. Nilikuwa naendesha mimi. Tulipoiacha lami tope likaanza, lakini pikapu ilijitahidi.

Tukafika kituo cha afya kama saa tatu. Niliona wanawake saba au wanane wamekaa kando ya nyumba ndogo ya matofali, kanga zao zimeanikwa kwenye uzio, wengine wamejilaza chini kama watu waliotoka kulima. Nikawapigia honi na kuwapungia mkono. Mmoja akasimama. Sikusimamisha gari, nilijua mke wangu yuko ng'ambo ananisubiri. Katika kioo niliona yule mwanamke amekimbia hatua chache barabarani, kisha akaacha, akasimama mikono kiunoni.

Korongoni maji yalikuwa yanashuka bado, mekundu, yanazunguka mizizi. Mzee mmoja alikuwa anaosha miguu. Nikashuka.

"Shikamoo mzee. Gari linaweza kupita?"

"Marahaba. Gari? Labda kesho." Akanitazama vizuri. "Wewe si mkwe wa pale kwa kina Loisi?"

"Ndimi."

"Basi unafuata nini huku? Mkeo wamempitisha alfajiri. Kitandani, mabegani. Maji yalikuwa hapa." Akaweka mkono kifuani.

"Amejifungua?"

Yule mzee akaanza kuvaa viatu vyake. "Rudi kituoni, baba," akasema. "Rudi tu."

Nyumba ya kungojea

Yule mwanamke aliyekimbia nyuma ya gari alikuwa Perisi. Sikuwahi kumwona kabla, tulijuana kwa sauti. Alinisimamisha mlangoni kabla sijaingia, nguo zake zingali mbichi, akanieleza kwa sauti ya chini.

Alhamisi Loisi aliamka mapema, akaoga, akavaa kitenge chake kipya. Saa mbili walimwekea kigoda mbele ya nyumba, begi miguuni, angoje gari. Akangoja. Hata chai alikataa, akisema gari litatokea kikombe kikiwa bado mkononi. Saa saba kiuno kikaanza kukaza. Perisi akasema, kama ni kushtakiwa nishtakiwe, huyu anavuka leo. Lakini ng'ombe walikuwa shambani, mbali, kwa kuwa gari lilikuwa linakuja. Mpaka wakapatikana na kufungwa kwenye mkokoteni ilikuwa saa tisa na zaidi. Walipofika korongoni walisikia maji kabla ya kuyaona. Yalipita mbele yao. Wangewahi kidogo tu, muda wa kusonga ugali, wangekuwa ng'ambo.

Wakarudi naye nyumbani. Muuguzi alikuwa upande huu wa maji, akawa anamwelekeza Perisi kwa simu, neno kwa neno. Mwili wa mtoto ulitoka, kichwa kikakwama. Kilipotoka, mtoto hakulia. Kisha damu ikawa nyingi, na Perisi akamkanda Loisi tumbo kama alivyoelekezwa, akibadilishana na wenzake mikono ilipochoka. Mtoto alizikwa na bibi yake na wanawake wawili kabla hakujapambazuka vizuri. Wengine wakamlaza Loisi kwenye kitanda cha kamba, wakaingia majini naye.

"Alikuwa wa kike," Perisi akasema. "Pole, shemeji. Ni mvua. Na barabara zetu hizi, tunajua."

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli palepale. Nikasema, "Ndiyo, dada. Na gari lilipasuka gurudumu."

Loisi alikuwa amelala, dripu mkononi, midomo imekauka. Nilikaa chini kando ya kitanda na mfuko wangu wa zabibu. Alipofungua macho alinitazama muda mrefu, akayafumba tena.

Alikaa kituoni siku tano. Sudi alirudi na pikapu yake siku ileile, mimi nikabaki. Nilipewa mkeka kwa mlinzi wa kituo, na wale akina mama walivuka kila siku kwa zamu kumpikia Loisi, wakanipikia na mimi. Ndilo jambo lililonivunja zaidi. Waliweka ugali mbele yangu, wakaninawisha mikono, wakaniambia, "Kula, baba, nawe umeumia. Umetoka mbali." Mama mkwe naye alinitumia ujumbe kwamba hanilaumu. Nilikula kila nilichopewa.

Siku ya nne Loisi aliweza kukaa. Tulikuwa peke yetu.

"Alhamisi ulikuwa wapi?" akauliza.

"Gari lilikuwa..."

"Simu yako ilikuwa inaita, Elia. Ingekuwa imezimwa ningesema chaji imekwisha. Ilikuwa inaita."

Basi nikamwambia. Basi la Haneti lenye viti viwili vitupu, Kibaigwa, magunia, kisanduku cha mbele, mjomba wake na ule mzaha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza jambo moja tu: "Mjomba alisema nini?" Nikamkumbusha. Alifikiri, akatikisa kichwa. Hakulikumbuka.

Kijijini

Maji yalipokauka tulimrudisha kwa mama yake. Wiki ile kulikuwa na mkutano wa kijiji, na Perisi alisimama kuomba sharti la ruhusa ya mume liondolewe. Wanaume walinong'ona. Mmoja akasema, "Sharti lina kosa gani? Mkwe wetu huyu alikuwa anakuja, ni mvua tu iliyomzuia."

Nikasimama. Niliwaeleza wote niliyomweleza Loisi, mjomba akiwa ameketi mstari wa mbele. Nilipomaliza hakuna aliyenipigia makofi. Mjomba alivua kofia yake akaishika mapajani, akainamia chini. Perisi alikuwa ananitazama kwa macho ambayo sitayasahau, maana ndipo tu alipojua kwamba ile saa mbili asubuhi alipouliza tumefika wapi, nilikuwa nimekalia magunia. Alikuwa amejilaumu siku zote zile kwa kuwaachia ng'ombe.

Sharti liliondolewa. Sasa akina mama wakiona inafaa, wanavusha, na mume anapewa taarifa tu. Wanawake wawili walivushwa kabla sijaondoka, na mmoja alishajifungua salama, tulisikia vigelegele. Loisi alikuwa miongoni mwa waliokwenda kumpikia. Nilimwambia apumzike, akasema anataka kwenda.

Kurudi Tunduma

Nimerudi peke yangu, kama mnavyoona. Loisi amesema atabaki kwa mama yake mpaka mavuno, na baada ya hapo hajasema. Sikumsihi.

Asubuhi ya kuondoka nilimwomba anionyeshe kaburi. Tulikwenda. Ni kifusi kidogo, wameweka mawe kuzunguka, nisingekijua bila kuonyeshwa. Tulisimama. Sikumwona mtoto yule hata mara moja, wala sikuwa nimethubutu kumuuliza mtu yeyote alifananaje.

Tulipokuwa tunarudi njiani, Loisi akaniuliza, "Wenzako huko gereji wakikuuliza, utawaambia nini?"

"Nitawaambia ukweli," nikasema.

Aliinama akachomoa mwiba kwenye kandambili.

"Waambie na kwamba alikuwa na nywele nyingi," akasema. "Nyeusi, zimemfika shingoni. Kila mtu alishangaa."

Basi nawaambia. Alikuwa na nywele nyingi.